Asumini ya Mwanahawa na Walii Aliyekuwa Njiani

Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua nguo yake ananiuliza swali lile lile: "Eti fundi, ni kweli ulikwama matopeni na beseni la maua?" Nimesimulia kipande kwa huyu, kipande kwa yule, na sasa nasikia huko Kibiti wanasema nililia. Nililia kidogo, tena mwishoni, na sababu yake mtaiona. Basi nimeandika yote. Mpelekeane, halafu suruali zenu mje mzichukue bila maswali.

Mtunda: nilivyokubali mara mbili

Mnanijua. Miye ni mtu wa cherehani. Safari yangu ndefu ni kwenda Kibiti kununua uzi na zipu, na hata hiyo huiahirisha mpaka wateja waanze kunisema. Nilisoma jiografia hadi kidato cha nne, nikaona inatosha, dunia nimeshaiona kwenye ramani.

Marehemu kaka yangu Seif aliacha mtoto mmoja tu, Mwanahawa, aliyelelewa na wajomba zake huko Salale, ndani ya mikoko. Posa ilipokuja na kukubaliwa, wanaume wa Salale walinipigia simu. "Hamisi, walii ni wewe. Ijumaa baada ya alasiri unamwoza mtoto." Nikasema inshallah, nitaoza.

Wiki ile ile wanawake wa Salale wakampigia mke wangu. Kwetu asumini ya kichwa cha bi harusi huletwa na watu wa kuumeni kwake. Binti ambaye upande wa baba haukumletea maua, watu humtazama kama aliyeokotwa. Mke wangu ndiye alikuwa aende Dar kuyanunua, lakini akateleza kisimani akateguka kifundo cha mguu. Nikamwambia, tulia, nitakwenda miye.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Mambo ya wanaume yalikaa kwenye simu yangu, mambo ya wanawake yalikaa kwenye simu ya mke wangu, na hakuna aliyeyakutanisha. Wanaume walijua walii anatoka Mtunda, ataingia Salale mapema. Wanawake walijua maua yanatoka Dar siku ile ile, maana asumini ya jana ni takataka. Na miye, niliyekubali yote mawili kwa mdomo mmoja, nilipanda gari Alhamisi nikawaza jambo moja tu, kwamba nitalalaje Mbagala kwenye godoro la watu.

Sokoni, kabla ya adhana

Maua ya jumla huuzwa Dar wakati watu wenye akili wamelala. Bodaboda alinishusha kwenye uchochoro nyuma ya maghala, giza bado, na harufu ikanipiga kabla sijaona kitu. Kulikuwa na mawaridi kwenye maboksi, yamefungwa magazeti kama samaki, ya kwenda mahotelini. Kulikuwa na mafungu ya mrehani yenye umande. Na mwisho kabisa wa uchochoro, chini ya taa moja, walikaa wanawake watano na mabeseni ya asumini. Wanunuzi walikuwa wakiinama, wanatumbukiza mkono, wanatoa, wanasema neno moja, beseni linabebwa. Hakuna anayenusa.

Miye nikanusa. Niliinama nikazamisha uso wote kwenye beseni zuri kuliko yote, maua meupe yamechanua kama yanacheka.

"Wewe kaka! Toa pua yako humo!"

Ndivyo nilivyokutana na Bi Tatu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikamwomba radhi, nikamwambia nataka hayo.

"Hayo yaliyochanua? Bi harusi wako anatoka saa ngapi?"

"Alasiri, mama."

"Wapi?"

"Salale. Huko delta ya Rufiji."

Wale wenzake wote wanne wakageuka. Bi Tatu akalisukuma lile beseni zuri kando kwa mguu. "Hayo yamekwisha chanua, saa nne yatakuwa rangi ya chai. Wewe unataka vitumba." Akavuta beseni lililojaa vijiti vya kijanikijani, vimefumba, havina hata harufu ya maana. Nilidhani ananipunja kwa kuwa nimevaa kofia ya shamba. Akanipa masharti: usiyatie maji, usiyafunge kwenye plastiki, kila saa fungua jani la mgomba yapumue, jua lisiyaguse, na pua yako kaa nayo mwenyewe.

Nikamwomba anipimie ya kichwa kimoja. Wakacheka. Pale huuzwa beseni zima, hata kama bi harusi ana kichwa kama embe dodo. Nikalichukua zima. Akiwa anafunga majani, akauliza, kupitisha wakati tu:

"Wewe nani wake?"

"Baba yake mdogo."

"Baba mwenyewe?"

"Marehemu."

"Babu yake mzaa baba?"

"Marehemu."

"Ana kaka?"

"Hana."

Mikono yake ikasimama kwenye jani. Akanitazama juu ya miwani. "Kaka yangu. Sasa huyo mtoto anaozwa na nani?"

Hapo ndipo mambo yale mawili yalipokutana kichwani mwangu: maua yakichelewa bi harusi hukosa maua tu, walii akichelewa hakuna ndoa. Wallahi, ilikuwa kama mtu aliyekata kitambaa chote cha suti ndipo akagundua amepima mguu mmoja.

"Na miye," nikasema.

"Yarabi," alisema Bi Tatu. "Kimbia."

Barabara ya kusini hadi Bungu

Kukimbia kwenyewe hakuko mikononi mwa abiria. Basi liliondoka Mbagala jua limeshachomoza, nami nimepakata beseni kama mjamzito. Nikapiga simu Salale, nikampata mjomba wa Mwanahawa, Shaweji, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Uko wapi, walii?"

"Njiani."

"Njia ipi? Mbona nasikia honi za lori?"

Nikamweleza. Kisha akanieleza yeye, polepole, kama anayemwelekeza mtoto. Siku hizo zilikuwa za bamvua. Maji yangejaa pomoni saa kumi alasiri, halafu yaanze kupwa. Bwana harusi, Idrisa, alikuwa anakuja kwa boti na watu wake kutoka kijiji cha upande wa bahari kuu, na ndiyo ingemchukua bi harusi. Saa kumi na moja wasipokuwa wameondoka, kijito kingekauka wakwame, na kule kwao karamu ilishapikwa.

"Kwa hiyo ama ufike, ama unipe uwakala nimwoze miye," alisema Shaweji. "Useme tu kwenye simu, shehe asikie."

Nikamwambia nitafika. Sababu ni hii, na sikumwambia Shaweji. Kaka yangu alipokuwa kitandani siku zake za mwisho, hakuniusia shamba wala nyumba. Aliniambia, "Mwanahawa utamwoza wewe kwa mkono wako, usimpe mtu." Nikasema sawa. Ni jambo pekee aliloniomba maishani. Na miye nilikuwa Mkuranga, nimekumbatia beseni.

Kimanzichana mkanda wa injini ukakatika. Tukashuka. Fundi alitafutwa, akapatikana, akarudi kutafuta mkanda. Wenzangu wakanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili wakala kwa raha zao. Miye nilikuwa chini ya mkorosho nafungua majani, napepea kwa kofia, nafunga. Mama mmoja mtu mzima, mwenye kanga mbili, akanisogelea akaniwekea kipande cha muhogo kwenye kiganja.

"Pole baba. Marehemu ni nani wako?"

"Hapana mama, ni maua ya harusi."

Akanitazama usoni. "Kwa uso huo?"

Akaenda kuwaambia wenzake. Nikasikia mmoja akisema, "Labda anaolewa mke wake." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nami nikaendelea kupepea.

Tulifika Bungu saa sita na nusu. Hapo ndipo unapoacha lami kwenda Nyamisati. Nikashuka naita, "Boda! Boda!" Pikipiki zilikuwa kumi na kitu, zimepangwa vizuri kivulini, na hakuna mtu hata mmoja. Ilikuwa Ijumaa. Wote walikuwa msikitini.

Bungu hadi Nyamisati

Msafiri ana ruhusa ya kutoswali Ijumaa, najua. Lakini ruhusa haiendeshi pikipiki. Nikatawadha, nikaliweka beseni kivulini penye mapipa ya udhu, nikaingia. Mungu anisamehe, sikumbuki hotuba ilihusu nini isipokuwa neno subira, lilirudiwa mara nyingi sana, na kila likitajwa nilihisi khatibu ananitazama. Vitumba vile, kwa joto la mchana, vilikuwa vimeanza kutoa harufu. Ikapanda na upepo ikaingia madirishani. Mzee mmoja mbele yangu alivuta pumzi akasema taratibu, "Subhanallah." Kila aliyefurahi kwa harufu ile alikuwa ananikata maini, maana asumini inayonukia ni asumini inayoanza kufumbuka.

Baada ya salamu ya mwisho nilikuwa wa kwanza kutoka, viatu mkononi. Nikamshika dereva wa kwanza aliyetokea, mtu wa makamo mwenye ndevu za hina.

"Nyamisati, haraka, nina harusi."

"Hongera bwana harusi!"

"Miye ni walii."

Tabasamu likamtoka. "Walii, na uko Bungu saa saba?" Akapiga teke pikipiki. "Panda, mzee. Hii si safari, huu ni uokozi."

Njia ile nimesikia ni nzuri. Sikuiona. Nilikuwa nimefumba macho, beseni katikati yetu, magoti yamembana dereva. Kwenye kila shimo nilisoma nilichokumbuka cha Kurani, na nilipoishiwa nikaanza kusoma majina ya mito ya Afrika.

Nyamisati wanawake walikuwa wanakaanga samaki kando ya bandari, wali wa nazi unafuka. Sijala mpaka leo wali ule na bado naukumbuka. Boti nyingi zilikuwa zimeshaondoka na maji. Ilibaki moja, ya nahodha aliyeitwa Mbwana, mrefu, mkimya, amebeba magogo ya barafu yaliyofunikwa pumba za mpunga, anawapelekea wanunuzi wa kamba wa baharini huko mikokoni. Alikuwa anangoja abiria wawili. Nikamwambia mambo yangu kwa pumzi moja. Akatema mate pembeni, akafungua kamba ya boti.

"Maua weka juu ya barafu," alisema.

"Yatanuka kamba."

"Au yaive. Chagua."

Nikachagua. Nilivua shati langu la harusi nililolishona mwenyewe, nikalitandika juu ya pumba, nikaweka beseni na majani yake juu, nikakaa na fulana.

Njia ya mkato

Hapa lazima niseme ukweli, maana Mbwana akisoma asije akaniruka. Kosa ni langu.

Tulikuwa tunakwenda vizuri, mikoko huku na huku, maji yanapanda. Saa nane na nusu. Nikauliza kama hakuna njia fupi.

"Ipo," alisema Mbwana. "Hii ya mkono wa kushoto. Lakini maji bado hayajaitosha."

"Hayajaitosha kabisa?"

"Nimesema bado."

"Na boti yako nyepesi hivi?"

Nilimsema, nikamsema, kama wateja wanavyonisema miye mkesha wa Idi. Na miye wateja wakinisema sana hukata nguo ovyo. Mbwana naye akakata kona. Dakika kumi tulikuwa kama mshale. Ya kumi na moja boti ikasema *krrr*, ikapanda kitu laini, ikasimama. Injini ikarusha tope jeusi hadi kwenye nyusi zangu.

Akaizima. Kimya kikaingia, isipokuwa kaa waliokuwa wanatatarika kwenye mizizi.

"Sasa tunangoja maji yatunyanyue," alisema. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Simu ikaita. Mtandao ulikuwa mstari mmoja.

"Shehe ameshaketi," alisema Shaweji. "Bwana harusi ameshaketi. Nyie mko wapi?"

"Tumekwama."

"Nipe uwakala, Hamisi. Mtoto asiaibike kwa ajili yako."

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba mtu huyu mwenye sauti ya ng'ombe alimlisha binti yetu miaka yote na alikuwa anasema kweli. Nikatazama mzizi wa mkoko uliokuwa mbele yetu, una mkato wa panga juu kidogo ya maji. Nikamwambia, "Maji yakifika mahali fulani ninapopaona na sisi bado tumekaa, nitakupigia nikupe."

Nikakaa nautazama mkato ule. Mbwana akautazama. Maji yakapanda kwa upana wa kidole. Yakapanda tena. Boti ikatikisika, ikakaa. Mara mkato ukawa nusu, mara ukazama, nami nikachukua simu na kidole kikiwa kizito. Nikampigia Shaweji. Haikuita. Ule mstari mmoja ulikuwa umekwenda zake.

"Hakuna mtandao," nikasema.

Mbwana akasimama. Akalikumbatia gogo la barafu, akalidondosha majini. Likaelea.

"Nahodha, mali hiyo!"

"Nimeiona." La pili likafuata. "Miye nina mabinti wanne." La tatu.

Nikanyanyua beseni langu. "Nitupe na haya?"

"Hayo yana uzito gani? Ruka wewe!"

Jamani, nyie mnaonijua mwajua kwamba miye hata mvua ikinyesha hutuma mtu dukani. Niliruka. Tope likanimeza hadi nyonga, maji hadi kifuani, kiatu kimoja kikabaki huko huko kwa walimwengu wa chini. Nikaweka bega kwenye ubavu wa boti, Mbwana akaushika upondo wa kusukumia, akahesabu, nikasukuma na kupiga kelele ambazo sitaziandika. Boti ikateleza. Ikateleza kweli, na nusura iniache, ikabidi nivutwe kwa kwapa kama pweza.

Salale

Saa kumi na nusu tuliingia. Kwenye gati ya miti wanawake walikuwa wamejipanga, na waliponiona, fulana nyeusi kwa tope, mguu mmoja peku, hakuna aliyepiga kigelegele. Bi Zuhura, somo aliyemfunda Mwanahawa, alinipokonya beseni bila salamu, akafunua majani. Robo ilikuwa imechanua. Iliyobaki imefumba.

"Yananukia barafu ya kamba," alisema. Akakunja uso, akanusa tena. "Kidogo. Twende, wanawake, sindano!"

Nahodha wa bwana harusi alikuwa anapiga kelele kutoka botini kwake, "Maji! Maji yamegeuka!" Shaweji akaja mbio na kanzu yake ya akiba akanivika juu ya tope lote.

"Umeshamwoza?" nikamwuliza.

"Nimwoze vipi?" Alikuwa na hasira za kweli. "Shehe alichoka kungoja. Akasema walii akipotea, yeye ataoza badala yake. Akaenda mlangoni kumwomba mtoto idhini. Wewe unajua, mwali huulizwa, hunyamaza, kunyamaza ndiyo idhini. Basi shehe akauliza. Na huyu binti yako, mbele ya kina mama wote, akafungua mdomo. Akasema, 'Bado.' Shehe akarudi kuuliza mara ya pili. 'Bado. Baba mdogo yuko njiani.' Tangu nizaliwe, Hamisi! Bi harusi kusema bado!"

Nilitaka kucheka, sikuweza.

Tuliketi mkekani, miye na Idrisa, goti kwa goti. Shehe akaenda mlangoni mara ya tatu, na safari hii huko ndani hakukusikika neno. Akarudi, akatufunika mikono kwa kitambaa. Mkono wangu ulikuwa na tope kwenye kucha. Sikuhitaji kufundishwa maneno, nilikuwa nimeyarudia tangu Mkuranga.

"Idrisa, nakuoza binti wa kaka yangu," nikasema, "Mwanahawa binti..."

Nikakwama. Lile jina. Tangu siku tuliyomzika sikuwa nimelitamka kwa sauti. Nyumbani tunasema marehemu, tunasema kaka mkubwa. Sasa lilikuwa halitoki, na watu wote wananitazama, na nahodha kule anaita maji. Shehe akainama akaninong'oneza, akidhani nimesahau. Sikuwa nimesahau. Kule ndani, kwenye dirisha la wanawake, sindano zilikuwa zimesimama.

"Binti Seif," nikasema.

"Nimekubali kumuoa," alisema Idrisa, haraka, kama anayeogopa nitabadili mawazo. Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka, na hapo ndipo nilipolia kama mlivyoambiwa.

Mwanahawa alitoka anashikiliwa huku na huku, koja kichwani bado halijakamilika upande mmoja, Bi Zuhura anatembea kinyumenyume anatunga vitumba vya mwisho. Akapita mbele yangu. Bi harusi haangalii watu, lakini aliniangalia miguu, ule uliovaa kiatu na usiovaa, na mabega yake yakatikisika kwa kicheko. Kisha wakampandisha. Boti yao iliondoka ikikwaruza chini, watu wanaisukuma kwa miti na kwa dua, ikapata maji, ikashika njia ya baharini.

Nikabaki gatini na Shaweji. Kijito kilikuwa kinakauka mbele ya macho yetu. Boti ya Mbwana ilikuwa imelala ubavu, mwenyewe amekaa juu yake anakula pilau.

"Sasa wewe utarudije?" aliuliza Shaweji. "Maji mpaka kesho."

Nikaketi chini palepale, na kanzu yake.

"Sina haraka," nikamwambia.